Dumu la Maji la Kupeleka Mbwera

Tangu nirudi, kila anayekuja kununua vitumbua barazani kwangu huniuliza habari za Mbwera. Namjibu "salama" kisha nageuza kitumbua. Si kwamba nawaficha. Mnanijua, mimi si msemaji, na shule niliishia darasa la nne. Lakini nikiandika hakuna anayenitazama ninapokwama. Basi nimeandika. Mkimaliza kusoma, msomeeni na Bi Mwajuma, maana macho yake hayaoni na ndiye aliyeniuliza kuliko wote.

Mnajua kwamba ndugu yangu Athumani alifia chumbani kwangu, kwa homa aliyotoka nayo mtoni. Kazi yake pia mnaijua. Alikuwa akiwaongoza wageni wanaokuja delta kuvua kwa kujifurahisha, Wazungu na Wahindi wa Dar es Salaam, ambao wamezidi tangu mambo yalipofanywa ruksa. Yeye aliwaonyesha samaki walipo, wao wakarusha ndoana.

Msilolijua ni maneno yake ya mwisho. Homa ilipompanda alikuwa akisema jambo moja tu. "Mzee Faraji hajaniwia radhi. Nimemzibia njia." Nilimfuta jasho nikamwambia atapona, atakwenda kuomba radhi mwenyewe. Hakupona.

Zainabu, mjane wake, yumo edani, hatoki. Mtoto wa kiume kwa baba yetu alikuwa Athumani peke yake. Nikabaki mimi. Hitima ya arobaini ilikuwa isomwe Ijumaa, na mimi sikuweza kukubali kwamba tutakaa, tutasoma, tutakula wali, na huko Mbwera kuna mtu ana kinyongo na marehemu. Niliondoka Jumapili nikijua jina la mtu na jina la mahali tu.

Zainabu ndiye aliyenikumbusha dumu. "Wifi, usiende mikono mitupu," alisema. Miaka yote Athumani alipokwenda Mbwera alibeba dumu la njano la maji ya bomba la hapa Kibiti. Kisima cha kule kilikuwa cha chumvi, na kiangazi wanawake walipiga kasia hadi juu ya mto kutafuta maji baridi. Mtu aliyekwenda kuomba jambo kule alichukua maji, kama sisi tunavyochukua sukari. Msimu wake wa mwisho Athumani aliacha kulibeba. Tulidhani mgongo umeanza kumuuma, naye alikuwa mtu wa kuficha maumivu.

Nikalisugua dumu kwa mchanga, nikalijaza, nikafunga kifuniko kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli.

Kibiti hadi Ndundu

Njia ya kwenda delta kwa Nyamisati ndiyo fupi, lakini kusi ilikuwa imechachamaa na wenye mashua walikataa kutoka. Ikanibidi nizunguke kwa kusini, nivuke Rufiji, nifike Mohoro, kisha niingie delta kwa mikondo ya ndani ambako upepo haufiki.

Nilipata lori lenye magunia ya sukari, marobota ya mitumba na watu juu yake. Dumu nililiweka katikati ya miguu. Hadi Ikwiriri hakuna aliyelitazama. Baada ya Ikwiriri rejeta ikachemka, mvuke ukafunika kioo, tukasimama juani pasipo mti. Utingo akazunguka lori, akatazama juu, macho yakamtua miguuni pangu.

"Mama, dumu hilo lina nini?"

"Maji."

"Alhamdulillahi. Lete."

"Yana mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mbwera."

Watu walicheka hadi lori likatikisika. "Anapeleka maji delta!" alisema mwenye marobota ya mitumba. "Akirudi atapeleka mchanga Ndundu."

Dereva akashuka, akaja mwenyewe, akaniomba kwa heshima. Aliniita mama, akaniita shangazi, mwisho akaniambia, "Gari likifa hapa, na wewe umekufa nalo." Nilikumbatia dumu. Nasema kweli, lingekuwa la kunywa mwenyewe ningewapa lote. Lakini nilimwona Athumani kitandani, midomo imepasuka, akilitaja jina lile, nikashindwa kuachia.

Utingo alikwenda na ndoo mpaka bwawani, mbali, akarudi na maji ya kijani yenye vitu vinavyochezacheza. Jua lilikuwa limeshainama. Kuanzia pale hakuna aliyenisemesha. Mama mmoja niliyekuwa nimempa kitumbua asubuhi alisogeza mguu wake usiguse dumu langu.

Ndundu

Mto ulikuwa umepungua na pantoni lilikuwa limekaa juu ya fungu la mchanga katikati ya maji, na magari mawili mgongoni. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakilitazama kama wanaotazama mgonjwa. Nikamuuliza mzee mmoja litatoka lini.

"Likinyanyuka," alisema.

"Litanyanyuka lini?"

"Wewe unakwenda msibani?"

"Natoka msibani."

"Basi haraka ya nini?"

Nilinunua kambale wa kuchoma na ugali wa muhogo kwa mwanamke aliyekuwa na jiko la mawe matatu pembeni mwa foleni. Samaki alikuwa mtamu. Lakini kila tonge nilihesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa. Viboko walikuwa wakikoroma upande wa chini. Tulilala palepale, wengine chini ya malori, mimi nimeegemea dumu. Mtu alinigusa bega akauliza kama hayo ni maji ya Zamzam. Nikasema ni ya Kibiti. Akasema, "Na unavyoyalinda!"

Pantoni lilinyanyuka kesho yake mchana, baada ya vijana kuingia majini na kulisukuma huku wakiimba maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nyamwage

Lori liliniacha Nyamwage kwa sababu lenyewe lilikuwa linakwenda Lindi. Gari la Mohoro lilikuwa limetoka. Nilikaa kwenye kibanda cha mwuza mihogo ya kuchoma, karibu na bwana mmoja aliyekuwa na mzigo wa mikeka. Aliposikia ninakwenda Mbwera akasogea.

"Una ndugu huko?"

"Nina mtu wa kuonana naye."

"Mwambie asikubali kuandikwa jina. Wanakuja watu na boti za mashine, wanauliza fulani anakaa wapi, shamba lake linaanzia wapi. Wanataka kufuga kamba, delta nzima. Ukiandikwa umehamishwa."

"Nani anasema hivyo?"

"Kila mtu."

Sikujua niamini lipi. Siku hizi kila mahali kuna mwekezaji, na nusu yao ni maneno ya njiani. Lakini nilianza kuogopa jambo jipya. Je, Mzee Faraji amekwisha kuhama? Je, watu wa kule wametawanyika, na jina nililo nalo halina nyumba? Mihogo niliyonunua niliikuta mkononi mwangu imepoa.

Baadaye alipita mtu wa baiskeli anayekwenda Mohoro. Akafunga dumu langu kwenye keria, mimi nikatembea nyuma yake njia nzima, nikilitazama lile dumu la njano linavyoyumba, nikisema moyoni, usianguke, usianguke.

Mohoro

Huku anakaa Shabani, mtoto wa shangazi yetu, aliyekuwa akifanya kazi moja na Athumani. Kwetu mabinamu ni watani, na Shabani hajui kusema na mimi bila utani, hata msibani.

"Mke wangu!" alipiga kelele aliponiona. "Umechoka kungoja posa, umekuja mwenyewe?"

"Nyamaza wewe. Mtu hajasomewa arobaini."

"Huyo amenidhulumu mpaka kufa. Mwenye kifua kibovu ni mimi, zamu ilikuwa yangu. Amepita mbele kama kawaida yake." Kisha akageuka akaanza kuifuta mashine ya boti kwa kitambaa, na aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nikamweleza nimefuata nini. Alipolisikia jina la Mzee Faraji akaacha kufuta. Akaniambia mambo ambayo Athumani hakuwahi kutueleza.

Zamani, alisema, wakata boriti wa Mbwera walichimba mfereji mfupi kutoka msituni hadi mkondo mkubwa, ili waelee na mizigo yao bila kuzunguka kwa mlango wa bahari. Kila mwaka maji yaliula mfereji ukapanuka. Mikoko ya kingoni ikaanguka, tope likajaa mikondo, maji ya chumvi yakapanda hadi bondeni kwenye kisima na majaruba ya mpunga. Samaki wakahama.

"Sisi hatukuanza kwa wema," alisema Shabani. "Tulianza kwa sababu mgeni anakaa kutwa na ndoana yake hapati kitu, mwakani harudi. Samaki mdogo anakulia kwenye mizizi ya mikoko. Pasipo mizizi tunawaonyesha wageni tope. Athumani ndiye aliyesema tuuzibe. Tukapiga nguzo, tukajaza viroba vya udongo, tukapanda mikoko mbele yake."

"Mzee Faraji alisemaje?"

"Ndiye aliyekuwa akiutumia kuliko wote. Mimi kwake sifiki. Akiniona anatema mate. Nitakushusha, utakwenda mwenyewe."

Akatazama dumu langu. Akafungua mdomo, akaufunga, akatabasamu. "Maji?"

"Ya Kibiti. Zawadi."

"Haya, pakia, mke wangu. Pakia."

Tabasamu lile sikulipenda.

Ndani ya mikoko

Ilibidi kumngoja mgeni, hata tukaondoka Jumatano asubuhi, mimi, Shabani na mgeni wake, Mzungu mmoja mrefu mwenye kofia, ambaye Kiswahili chake kilikuwa "nzuri sana" na "bado". Boti ilipotoka kwenye mto na kuingia mikondoni, mikoko ilitufunga pande zote mbili. Mimi sijui kuogelea. Nilishika ubao kwa mkono mmoja na dumu kwa mkono wa pili. Shabani aliniambia nikianguka nishike dumu, linaelea. Nikamwambia limejaa. Akasema, "Basi shika Mzungu."

Chini ya miguu yetu kulikuwa na gunia lililoloweshwa. Nilidhani ni chambo. Tulipofika mahali ukingo ulipokuwa uchi, tope tupu na visiki, Shabani akazima mashine akalifungua. Ndani mlikuwa na mbegu za mkoko, ndefu kama vijiti, za kijani, zimechongoka upande mmoja.

"Kanuni ya Athumani," alisema. "Mgeni harudi kambini kabla hajachomeka. Na sisi vilevile."

Mgeni alikuwa anaijua kanuni hiyo. Alivua viatu akashuka, tope likamfika magotini, akaanza kuchomeka huku akihema. Asubuhi nzima hakuwa amepata hata samaki mmoja. Nikajifunga kanga nikashuka na mimi. Sikutaka kuchelewa, Mungu anajua, lakini ilikuwa kanuni ya Athumani. Nilichomeka nilivyozoea shambani, kwa kulaza upande.

"Huo si muhogo!" Shabani akaniambia. "Simamisha. Ukiulaza, maji yakija yanauchukua."

Nikazing'oa nikaanza upya. Mbele yetu, upande wa juu, kulikuwa na mistari ya mikoko michanga, mingine imenifika kiunoni, na majani yanang'aa. Shabani hakusema nani aliipanda. Nilikwenda nikashika jani la mmoja, nikarudi.

"Bado?" mgeni aliuliza.

"Bado," alijibu Shabani, na mgeni akaendelea.

Tulipokuwa tunaosha miguu Shabani akaacha utani. "Sikiliza, dada. Tukifika Mbwera maji yatakuwa yamejaa. Yakianza kutoka nitapiga honi. Ukichelewa, boti inakaa kwenye tope hadi kesho, na gari la Alhamisi la kutoka Mohoro hulipati. Basi Ijumaa usiifikirie."

Mbwera

Shabani aliniweka ufukweni akasogeza boti mbali na nyumba, akamfundisha mgeni kufunga ndoana. Nilipanda na dumu langu kichwani. Watu niliokuwa nimewaona wamesimama bandarini walikuwa wameondoka.

Nilimkuta mwanamume anashona wavu. Nikamsalimu, nikamuuliza Mzee Faraji anakaa wapi. Alinitazama miguu yenye tope, akatazama boti ya mashine na yule Mzungu.

"Amesafiri," alisema. "Yuko Mafia."

Nikaenda mbele. Mwanamke anayeanika mpunga alijibu kabla sijamaliza kuuliza. "Faraji? Faraji alikufa."

Nilikwenda mpaka kwenye kisima, nikatua dumu, nikakaa chini. Niliwaza, kama amekufa, radhi nitaiomba kwa nani? Wafu wawili wameachana na neno moja katikati yao na mimi nimebeba maji. Kisha nikawaza, huyu wa kwanza amesema yuko Mafia. Mtu hawezi kuwa Mafia na kaburini. Hapo nikamkumbuka bwana wa mikeka kule Nyamwage, nikaelewa kwamba kwa watu hawa mimi ndiye niliyekuja kuandika majina.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akiteka maji. Alinitazama, akajaza kata, akaninyooshea.

"Kunywa, mama wa kampuni. Hata anayetuhamisha huona kiu."

Sikutaka kukataa maji ya mtu. Nikajikaza kwa ile chumvi, nikanywa. Nikanywa tena. Maji yalikuwa baridi, matamu. Nilimaliza kata nzima nikabaki nimeishika.

"Haya mmeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Si umeniona? Humu."

"Kisima hiki ni cha chumvi."

"Kilikuwa. Tangu mfereji uzibwe, masika mawili yamekiosha. Hiki ndicho kiangazi cha kwanza hatukupanda mtoni kuchota."

Nilitazama dumu langu, kifuniko chake nilichokifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilikumbuka rejeta ya lori, na mama aliyeondoa mguu wake. Nikakumbuka pia msimu ule Athumani alipoondoka nyumbani mikono mitupu, na mimi na Zainabu tukanong'ona kuhusu mgongo wake. Mgongo haukuwa na neno. Machozi yalinitoka mbele ya mtu nisiyemjua.

"Mimi si wa kampuni," nikasema. "Mimi nauza vitumbua Kibiti."

"Mwe! Mwuza vitumbua anatembea na boti ya Wazungu?"

"Mimi ni dada yake Athumani."

Akaacha kamba. "Athumani Mziba?" Akashika kichwa. "Tulisikia. Tulimsomea hapa, msikitini."

"Na Mzee Faraji alikuja? Nimeambiwa amekufa."

"Nani amekufa? Faraji ni mume wangu. Mfu gani anagomba asubuhi kwa sababu ya chai?" Jina lake Bi Tatu. Akanishika mkono akanipeleka.

Mzee Faraji alikuwa uani anachonga upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Tezo aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliutumia kama kigingi, kuuzuia mti tu. Nikamwamkia shikamoo. Bi Tatu akamwambia mimi ni nani. Aliitikia marahaba, akaendelea kuchonga.

"Umekuja na nini?" aliuliza. Macho yalikuwa kwenye dumu.

Ningeweza kusema ni mafuta. Ulimi ulinijia hivyo. Lakini nikasema, "Maji, baba."

Tezo ikasimama. "Maji. Nduguyo kanizibia njia yangu, watu wakaniambia, Faraji, vumilia, tutapata maji. Nikavumilia. Leo wewe waniletea maji ya Kibiti. Waja kunikumbusha nani alikuwa na haki?"

"Sikujua, baba. Alikuwa akiyabeba zamani. Nilijua ndiyo zawadi ya hapa."

"Hakukwambia kisima kimepoa chumvi?"

"Hakuwa msemaji."

Alitoa sauti puani, sijui ilikuwa kicheko. Akaninyooshea ule mkono wa kulia. Vidole viwili havikunji, vimekaa kama vya sanamu. "Mfereji ulipozibwa nikazunguka kwa mlango wa bahari. Kusi ikaupindua mtumbwi, boriti zikanibana. Nduguyo alikuja hapa kuniomba radhi. Alisimama palepale ulipo. Nikamfungia mlango."

"Nami nimekuja kumwombea," nikasema. "Mwenyewe hawezi tena."

"Basi uombe radhi mkono huu pia," alisema. Adhana ya alasiri ikaanza, akaweka tezo chini akaenda zake msikitini.

Bi Tatu aliniandalia wali na kamba wa nazi. Nilikula kwa ajili yake. Masikio yangu yalikuwa bandarini. Nilijua kwamba nikiondoka bila neno nimeondoka bure, na nikibaki hadi kesho hitima itasomwa bila mimi na bila radhi vilevile.

"Mlipomsomea Athumani," nilimuuliza, "Mzee alisoma kweli?"

"Alikaa nyuma kabisa. Hakuharakisha kutoka. Wenzake wote walitoka, yeye akabaki." Akanipakulia tena. "Usiniulize alikuwa anafanya nini. Mwanamume ukimuuliza ndiyo anafunga."

Honi ikalia.

Mzee Faraji aliingia. Nikasimama nikamwambia ninaondoka, nikamshukuru kwa chakula. Alikwenda kwenye dumu, akakata mpira wa baiskeli kwa tezo, akakitoa kifuniko, akalinusa. Kisha akaliinamisha. Maji yangu yote yakamwagika mchangani, gugu, gugu, yale niliyowanyima watu juani. Nilijua nimejibiwa.

Honi ikalia tena. Akalibeba dumu tupu akatoka, nami nikamfuata kwa sababu dumu ni la Zainabu. Alisimama kisimani. Akateka kwa mkono wa kushoto, akaibana kamba kwa ule wa kulia. Kila ndoo ilimchukua muda. Bi Tatu alitaka kumpokea, akamkataza kwa kichwa. Shabani alikuwa anapiga honi kama gari la harusi.

Dumu lilipojaa akalifunga, akalisukuma kwangu.

"Yale yalikuwa yameoza kwa jua," alisema. "Mpelekee mjane. Mwambie Faraji ameyateka mwenyewe."

"Na Athumani, baba?"

Alitazama kisimani. "Kiangazi kizima nimekunywa kazi yake. Nikimzuia radhi nitakuwa nakunywa nini?" Akasugua vile vidole viwili. "Mkono nimemwachia Mungu. Yeye nimemsamehe, dunia na akhera. Ila njia ya boriti bado naitaka. Waambie hao wenziwe wasidhani nimesahau."

Kurudi

Maji yalikuwa yametoka sana. Shabani na mgeni walishuka wakasukuma boti kwenye tope, mimi nikachukua upondo nikasukuma nisivyojua. Tulipofika penye kina Shabani akaliona dumu limejaa.

"Hukumpa?"

"Amemwaga yangu, amenijazia yake. Kwa nini hukuniambia, wewe?"

"Ningekwambia ungeyanywa njiani," alisema, "ukafika bila kisingizio cha kuingia uani kwa watu." Nilitaka kumpiga na kasia. Kisha nikampa maneno ya Mzee Faraji yote, pamoja na ya njia ya boriti. Nilimweleza na habari ya vile vidole. Boti ikaenda, mgeni amelala.

"Siku zisizo na mgeni boti hii inalala tu," alisema mwishowe. "Ingeweza kumvutia mizigo yake." Hakusema itamvutia. Nimemwandikia kumkumbusha, bado hajajibu, na jambo hili halijanitoka moyoni.

Gari la Alhamisi nililipata. Pale Ndundu pantoni lilikuwa zima. Dereva wa lori nililopanda upande wa pili alikuwa yuleyule. Alinitambua, akalitambua na dumu.

"Mama, mwenyewe hakuyataka?"

"Haya ni mengine," nikasema. Akatikisa kichwa akawasha gari. Rejeta, namshukuru Mungu, haikuchemka.

Nilifika alfajiri ya Ijumaa. Zainabu alikuwa macho. Nilimpa salamu, nikampa neno la Mzee Faraji kama lilivyosemwa, sikuongeza. Akaomba bilauri. Akanywa, akaomba nyingine.

Maji yaliyobaki ndiyo tuliyopikia chai ya hitima. Baadhi yenu mlikunja uso, na Bi Mwajuma aliuliza kwa sauti nani ametia chumvi mahali pa sukari. Hakuna aliyetia. Mimi kule Mbwera niliyaona matamu, labda kwa kiu, labda kwa mengine. Hapa Kibiti yana chumvi kidogo, ni kweli. Nilionja kabla ya kuwasha jiko, nikajua mtaisikia chumvi, nikaibandika chai hivyohivyo.